Joseph Priestley: Mhubiri Aliyepima Hewa

Ndugu msomaji, ukimwuliza mwanafunzi yeyote wa kidato cha kwanza jinsi ya kutambua gesi ya oksijeni, atakujibu bila kusita kwamba unatia kijiti chenye kaa jekundu ndani ya chupa ya gesi, nacho kitawaka tena. Lakini ukimwuliza gesi hiyo ilitokaje maabara hadi ikafika puani mwa mtoto aliyezaliwa miezi miwili kabla ya wakati wake, wengi wetu tutakuna vichwa. Ndiyo maana mwaka huu nimeonelea niwaandikie wasomaji wa jarida letu maisha ya bwana mmoja Mwingereza, Joseph Priestley. Gesi mbili alizozitengeneza kwa mikono yake, yaani oksijeni na naitriki oksaidi, zote mbili leo hutumiwa hospitalini kuwasaidia watoto wachanga wanaoshindwa kupumua. Isitoshe, alitoa onyo kuhusu mojawapo, na walimwengu wakalisahau onyo hilo kwa gharama kubwa. Wacha nikueleze.

Priestley alizaliwa mwezi wa Machi mwaka wa 1733 mahali paitwapo Fieldhead, karibu na mji wa Leeds, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa fundi wa kumalizia vitambaa vya sufu, mtu wa kipato cha kawaida tu. Mama yake alifariki Joseph akiwa bado mdogo, na baada ya muda akachukuliwa na shangazi yake ambaye alimlea kama mwanawe wa kumzaa. Nyumba ya shangazi huyo ilikuwa wazi kwa wahubiri wa kila aina, hata wale waliopingana, hivyo kijana akakua akisikiliza mabishano na kuzoea kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Sisi wanachama wa chama cha Kiswahili tutapenda kujua kwamba Priestley alianza kama mtu wa lugha. Shuleni alijifunza Kilatini, Kigiriki na Kiebrania. Alipougua na kulazimika kukaa nyumbani, akajifundisha Kifaransa, Kiitaliano na Kijerumani, na hata akaonja Kiarabu kidogo. Ajabu ni kwamba mtu huyu wa lugha nyingi alikuwa na kigugumizi, na kazi aliyoitamani ilikuwa kuhubiri!

Familia yake haikuwa ya Kanisa la Uingereza. Siku hizo, mtu wa madhehebu mengine hakuweza kupata digrii Oxford wala Cambridge. Kwa hiyo mwaka wa 1752 alijiunga na chuo cha Daventry, kilichoanzishwa kwa ajili ya watu kama yeye. Mnamo 1755 alipata kanisa dogo huko Needham Market, lakini mambo hayakumwendea vizuri. Waumini walichoshwa na kigugumizi chake na kushtushwa na mafundisho yake, wakaanza kutoroka mmoja mmoja. Mwaka wa 1758 akahamia Nantwich, akafungua shule. Pesa kidogo alizoweka akiba akanunua pampu ya hewa na mashine ya kutengeneza umeme, akawafundisha wanafunzi wake kuvitumia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Kuanzia mwaka wa 1761 alifundisha lugha katika chuo cha Warrington, na mwaka uliofuata akamwoa Mary Wilkinson, dadake mwenye viwanda vya chuma aliyejulikana sana. Katika safari zake za London alikutana na Benjamin Franklin, yule Mmarekani bingwa wa umeme, ambaye alimtia moyo aandike historia ya elimu ya umeme. Kitabu hicho kilitoka mwaka wa 1767. Kufikia hapo Priestley alikuwa amekwisha kupokewa katika Royal Society, chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza.

Mwaka huo huo wa 1767 alirudi Leeds kuwa mhubiri wa Mill Hill Chapel, na hapo ndipo bahati ilipomkuta. Nyumba aliyofikia ilikuwa jirani na kiwanda cha pombe. Wengine wangelalamikia harufu, lakini huyu bwana alikwenda kuchungulia mapipa. Akaona kwamba juu ya pombe inayochacha kuna tabaka la gesi inayozima mshumaa. Gesi hiyo ndiyo tunayoiita leo kaboni dayoksaidi. Akamimina maji kutoka chombo kimoja hadi kingine ndani ya tabaka lile, na maji yakawa yenye kuchachatika mdomoni. Mwaka wa 1772 alichapisha maelezo ya jinsi ya kutengeneza maji hayo. Kwa hivyo soda unayonunua kantini, msomaji, asili yake imepitia kwa mhubiri mwenye kigugumizi.

Kutoka hapo hewa ikawa ndiyo hamu yake. Mwaka wa 1771 aliweka tawi la mnanaa ndani ya chombo kilichofunikwa, ambamo mshumaa ulikuwa umewaka hadi ukazimika. Baada ya siku kadhaa akajaribu mshumaa tena, nao ukawaka. Kumbe mmea unaweza kuitengeneza upya hewa iliyochakaa! Lakini atajuaje hewa ipi ni nzuri na ipi ni mbaya? Mwanzoni alitumia panya. Alimfungia panya ndani ya chombo cha hewa na kuangalia atakaa hai muda gani. Njia hii ilikuwa ya kikatili, na pia haikuwa na uhakika, kwa maana panya mmoja si sawa na mwingine.

Jibu alilipata mwaka wa 1772. Alitia metali ndani ya asidi ya naitriki, akakusanya gesi isiyo na rangi, ambayo sasa tunaiita naitriki oksaidi. Gesi hii ikikutana na hewa ya kawaida hugeuka ghafla kuwa moshi wa rangi ya kahawia, na moshi huo huyeyuka majini, hivyo mchanganyiko hupungua kiasi. Wenzangu wa kidato cha tatu wameuona moshi huo kwa macho yao katika somo la naitrojeni. Priestley aligundua kwamba jinsi hewa ilivyo bora kwa kupumua, ndivyo mchanganyiko unavyopungua zaidi. Badala ya kuua panya, akawa sasa anasoma kipimo kwenye mrija wa kioo. Tangu siku hiyo uzuri wa hewa ukawa kitu cha kupimwa kwa tarakimu.

Mwaka wa 1773 tajiri mmoja, Lord Shelburne, alimwajiri awe mtunza maktaba na msimamizi wa masomo ya wanawe, akampa na nafasi ya maabara katika jumba lake la Bowood. Hapo, tarehe 1 Agosti 1774, Priestley alichukua lenzi yenye upana wa kama sentimita 30, akakusanya miale ya jua na kuielekeza kwenye unga mwekundu wa zebaki. Unga ukatoa gesi. Akatia mshumaa ndani yake, ukawaka kwa mwanga mkali usio wa kawaida. Mwezi wa Oktoba mwaka huo, akiwa Paris pamoja na bwana wake, alimsimulia jambo hilo mwanakemia Antoine Lavoisier mezani.

Machi 1775 aliijaribu gesi ile kwa kipimo chake cha naitriki oksaidi, na akashangaa kuona inashinda hewa ya kawaida mara kadhaa. Kisha akamtia panya. Panya mkubwa ambaye katika hewa ya kawaida angeishi kama robo saa alikaa nusu saa nzima, na alipotolewa akiwa kama amekufa, akapashwa joto karibu na moto na kuzinduka. Mwishowe Priestley mwenyewe akaivuta gesi hiyo kwa mrija. Alieleza kwamba kifua chake kilikuwa chepesi kwa muda baadaye, na akatania kwamba hadi wakati huo ni yeye na panya wawili tu waliobahatika kuivuta.

Sasa msomaji, nakuomba utulie hapa, maana hapa ndipo penye kiini cha makala yangu. Katika maelezo aliyochapisha mwaka huo wa 1775, Priestley alisema kwamba gesi hii huenda ikawa dawa ya mapafu yaliyougua, pale ambapo hewa ya kawaida haitoshi. Papo hapo akaonya. Mshumaa ndani ya gesi hiyo huwaka upesi na kwisha upesi, basi labda na mwili wa mwanadamu mzima ukiivuta daima utateketea kabla ya wakati wake. Alikuwa na gesi hiyo kwa miezi michache tu, na tayari aliona pande zake zote mbili.

Haki itendeke: Priestley hakuwa wa kwanza wala hakuwa sahihi kwa kila jambo. Carl Wilhelm Scheele wa Uswidi alikuwa ameipata gesi ile ile mapema zaidi, ila maandishi yake yalichapishwa mwaka wa 1777. Naye Lavoisier ndiye aliyeeleza vizuri kazi yake katika moto na katika kupumua, akaipa jina la oksijeni. Priestley alishikilia hadi kufa nadharia ya zamani ya flojistoni, iliyosema kwamba kitu kinapoungua hutoa kitu fulani hewani. Nadharia hiyo ilikwisha kushindwa. Lakini vipimo vyake vilikuwa vya kweli.

Mwaka wa 1780 alihamia Birmingham, akawa mhubiri tena na rafiki wa wavumbuzi wa mji huo. Alizungumza waziwazi kuhusu dini na siasa, alihubiri dhidi ya biashara ya utumwa mwaka wa 1788, na aliunga mkono Mapinduzi ya Ufaransa. Maadui wakaongezeka. Tarehe 14 Julai 1791, siku ambayo baadhi ya watu wa mji walikula chakula cha kuadhimisha mapinduzi hayo, umati ulichoma kanisa lake, kisha ukaenda nyumbani kwake. Yeye na mkewe waliwahi kutoroka. Maktaba, vifaa vya maabara na miswada ya miaka mingi vikateketea. Jamani, fikiria kazi ya maisha yako yote ikiwa majivu kwa usiku mmoja!

Hata hivyo, kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi. Alikaa kwa muda karibu na London, kisha mwaka wa 1794, akiwa na umri wa miaka 61, akavuka bahari kwenda Marekani. Alijenga nyumba na maabara katika mji mdogo wa Northumberland, jimbo la Pennsylvania. Huko majonzi yalimfuata: mwanawe Henry alifariki mwaka wa 1795, na mkewe Mary mwaka wa 1796. Akaendelea na kazi, na mwaka wa 1799 alitengeneza gesi ya kaboni monoksaidi. Alifariki tarehe 6 Februari 1804, na asubuhi hiyo hiyo alikuwa bado anasahihisha maandishi yake.

Mtu akifa, kazi yake hubaki. Huko Ufaransa, tayari mwaka wa 1780, daktari François Chaussier alikuwa amejaribu kuwapa oksijeni watoto waliozaliwa bila nguvu ya kupumua. Lakini ilikuwa katika karne ya 20 ambapo gesi hii ilienea katika vyumba vya watoto waliozaliwa kabla ya wakati.

Dada yangu mkubwa ni muuguzi wa watoto wachanga, na yeye ndiye aliyenieleza shida yao. Ndani ya mapafu mna vijifuko vidogo mno vya hewa. Kwa mtoto aliyekomaa, vijifuko hivyo vimepakwa ute unaovizuia kujikunja na kushikamana. Mtoto aliyekuja mapema hana ute wa kutosha, basi kila pumzi kwake ni kama kupuliza puto jipya. Mbavu huingia ndani, pua hutanuka, midomo hugeuka rangi. Ukimwangalia, alisema dada, unaona kwamba kupumua kwa mtoto huyu ni kazi ya sulubu. Oksijeni ndiyo humpa muda hadi mapafu yapate nguvu.

Katika miaka ya 1940, hospitali za nchi tajiri zilipata mashine nzuri za kuwatunzia watoto hawa, na zikawapa oksijeni kwa wingi. Kwa nini wawanyime? Kizuri kikiongezwa kinakuwa kizuri zaidi, walidhani. Mwaka wa 1942 daktari Theodore Terry wa Boston alieleza juu ya watoto wa aina hii waliokuwa vipofu. Kila mwaka wakazidi kuongezeka, na hakuna aliyejua chanzo. Mwaka wa 1951, daktari Kate Campbell wa Melbourne, Australia, alionyesha kwamba upofu ulikuwa mwingi pale oksijeni ilipomwagwa bila kipimo, na mchache pale ilipobanwa. Kuanzia mwaka wa 1953, hospitali 18 za Marekani zilifanya uchunguzi wa pamoja, na ukathibitisha hayo. Mishipa ya damu nyuma ya jicho la mtoto huyo haijamaliza kukua. Oksijeni ikizidi, mishipa husimama, kisha baadaye huota ovyo kama magugu na kuuvuta utando unaopokea mwanga hadi ubanduke. Inakisiwa kwamba watoto wapatao 10,000 walipoteza macho yao duniani kwa njia hiyo. Mmoja wao ni mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa mwaka wa 1950 kabla ya wakati wake.

Usidhani kisa kiliishia hapo. Madaktari walipoona hayo waliibana oksijeni kwa wote. Macho yakaokolewa, lakini watoto wengine wakafa kwa kuikosa, na wengine wakapata ulemavu wa ubongo. Ikadhihirika kwamba haitoshi kusema wapewe nyingi au wapewe kidogo. Kila mtoto lazima apimwe. Mwaka wa 1974 Mjapani Takuo Aoyagi alieleza mbinu ya kupima oksijeni ya damu kwa mwanga unaopita kwenye ngozi, na leo kifaa hicho chenye taa nyekundu hufungwa mguuni mwa mtoto. Kwa aliyezaliwa mapema na anayepewa oksijeni, kipimo hulengwa kati ya asilimia 90 na 95 hivi. Dada yangu asema kengele hulia kipimo kikishuka mno, na hulia vilevile kikipanda mno. Katika nchi kama zetu, ambako watoto wengi zaidi sasa wanaokolewa, lakini vifaa vya kuchanganya oksijeni na hewa ya kawaida havipatikani kila mahali, kengele hiyo si mchezo.

Na ile gesi nyingine, naitriki oksaidi? Kwa zaidi ya miaka 200 ilijulikana tu kama gesi ya maabara na uchafu wa moshi wa magari. Halafu mwaka wa 1987 ikabainika kwamba mwili wenyewe huitengeneza ili kulegeza mishipa ya damu, na mwaka wa 1998 Wamarekani watatu wakapewa Tuzo ya Nobeli kwa utafiti huo. Kuna watoto wachanga ambao mishipa ya mapafu yao hukataa kufunguka baada ya kuzaliwa, damu ikashindwa kupita kuchukua oksijeni. Wakivutishwa naitriki oksaidi kidogo sana, kama sehemu 20 katika sehemu milioni moja za hewa, mishipa hiyo hulegea. Marekani iliidhinisha tiba hiyo mwaka wa 1999 kwa watoto waliofikisha wiki 34 tumboni au zaidi. Kwa waliozaliwa mapema zaidi ya hapo, jopo la wataalamu lilikaa mwaka wa 2010, likaona kwamba majaribio hayakuonyesha faida ya kutosha, likashauri wasipewe kama tiba ya kawaida. Tena mashine inayoitoa hupima wakati wote ule moshi wa kahawia, kwa maana gesi hii ikichanganyika na oksijeni huutoa moshi huo, nao ni sumu kwa mapafu. Ndio moshi ule ule ambao Priestley aliutazama mwaka wa 1772.

Wenzangu, watu wengi humcheka Priestley kwa kung'ang'ania flojistoni. Mimi simcheki. Kila alichokiona alikiandika na kukichapisha, hata kilichomtatiza, hata kilichompinga. Nadharia yake ilikufa, nyumba yake ikachomwa, lakini onyo lake la mshumaa lilikuwa limechapishwa tangu mwaka wa 1775, likingoja msomaji. Laiti angalisomwa kwa makini, huenda watoto wengi wangaliyaona macho ya mama zao. Basi nasi tunapofanya majaribio yetu, tuandike tulichokiona, si kile tunachodhani mwalimu anataka kukiona. Na tusiviache vitabu vya kale vilale kabatini.